Manyoya ya Ranja na Kifua Changu

Nakuru,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama Mwende,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote hapo nyumbani. Je, mgongo umepoa? Na mama, macho yake yanaonaje siku hizi? Mwende anakwenda shule bila kukosa, ama umemshika akusaidie kuchota maji? Ndugu yetu Nzioka wa reli alirudi kutoka huko Kitui na kuniambia mvua imewapita tena, na kwamba ni mbaazi peke yake iliyosimama shambani. Niambie kama ni kweli, na usinifiche eti kwa sababu niko mbali. Mimi niko hai. Siwezi kuandika "mzima" kama ninavyoandika siku zote, na sababu utaiona ukiendelea kusoma.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, kwanza kwa ajili ya maneno, halafu kwa ajili ya mkono ulioyaandika. Miaka yote umekuwa mtu wa kuandikiwa na kusomewa, na leo mke wangu ameshika kalamu mwenyewe. Huyo mwalimu wenu wa ngumbaru Mungu amzidishie. Kwa kuwa amewafundisha kwa Kiswahili, nami nakuandikia kwa Kiswahili, na nimeandika herufi kubwa ili usichoke. Isome ukiwa peke yako. Mwende asiisome kabla yako.

Uliniuliza mambo mawili: kwa nini nimenyamaza tangu Pasaka, na kama ni kweli vile Nzioka alikuambia, kwamba alinikuta nimeketi kando ya barabara nikihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ni kweli. Na mambo yote mawili yana jibu moja, nalo ni refu kidogo.

Unajua vile nilikuwa mtu wa mbwa kule Keringet. Memsabu na bwana yake walikuwa na mbwa watatu wakubwa, na kazi yangu ilikuwa kuwapikia posho na nyama, kuwapiga brashi na kutembea nao kwenye mpaka wa shamba. Miaka kumi na moja nilifanya kazi hiyo wala sikukohoa hata siku moja, kwa sababu kule mbwa walilala nje na upepo wa baridi ulipeperusha kila kitu. Bwana alipokufa na shamba likauzwa likakatwa vipande, wazungu wenzake wakafunga masanduku. Memsabu alikataa. Alisema amezaliwa nchi hii na hajui pa kwenda. Akakodi nyumba ndogo hapa mjini, Section 58, akaja na mbwa mmoja tu aliyebaki, Ranja, na sisi watu wawili, mimi na mpishi arap Koech. Baada ya miezi miwili arap Koech akaambiwa aende kwao, kwa sababu Memsabu hangeweza kutuweka wote. Hapo nikawa mpishi, dobi, mfagiaji na mtu wa mbwa.

Nyumba ni ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mwenye kiwanda cha mbao. Viti ni vyake, vya kitambaa chekundu cha mahameli, na zulia ni lake, na mkewe, tunayemwita Mama Kuldip, anavipenda kama vile wewe unavyopenda vile vibuyu vya nyanya yako. Walimkubali Memsabu kwa sharti moja, kwamba mbwa alale nje. Memsabu akaitikia. Lakini Ranja alikuwa na miaka tisa na nyonga zake zilianza kuuma, na Memsabu hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Siku ya kwanza tu aliingizwa ndani, na ndani akakaa.

Sasa sikia taabu ilivyoanza. Ranja ni mbwa wa ile aina ya polisi, mwenye manyoya marefu juu na mengine laini kama pamba chini yake. Kule Keringet yalimfaa, maana kule asubuhi hata ng'ombe hutoa moshi mdomoni. Hapa Nakuru kuna joto, na vumbi jeupe linatoka upande wa ziwa, na mwili wa mbwa ukaona hauna haja tena na blanketi. Akaanza kumwaga manyoya. Mama Mwende, sikuwahi kuona kitu kama hicho. Ukimpapasa unabaki na konzi nzima mkononi. Yalikuwa kwenye viti, kwenye mapazia, kwenye bakuli la sukari. Ukifagia yanaruka, ukiacha kufagia yanarudi kukaa. Nilikula ugali wangu nikitoa manyoya mdomoni, nikameza mengine.

Mama Kuldip huja mwanzo wa kila mwezi kuangalia nyumba. Ni mama mnene, mpole wa sauti, na ana njia moja ya kuangalia. Hupitisha kiganja chake juu ya kiti, pole pole, kutoka upande huu mpaka ule, halafu anakigeuza na kukitazama. Mwezi ule wa kwanza alikigeuza kikawa kijivu chote. Hakumwambia Memsabu neno. Alikuja jikoni akanionyesha mimi.

"Musyoka," akasema, "huyu mama mimi naonea huruma. Lakini viti ni ya bwana yangu. Nikiona tena, mtafute nyumba ingine."

Nyumba nyingine haikuwepo. Memsabu alishauza saa ya bwana yake na vyombo vya fedha, na kila alipotoka na kifurushi alirudi bila hicho kifurushi. Kule shambani tulikuwa na brashi za chuma kutoka Ulaya na dawa ya unga ya kunyunyiza. Brashi zilikuwa zimebaki vipara na unga ulikwisha. Nilipomwambia tunahitaji nyingine aliangalia dirishani akasema, "Musyoka, tafuta akili. Mimi hapana kuwa na kitu ingine."

Basi nikatafuta akili. Kwanza nilifikiri nimnyoe kama kondoo, nikakumbuka bwana aliwahi kumnyoa mmoja kule Keringet, ngozi ikaungua na jua na manyoya yakarudi mabaka mabaka. Nikaacha. Nikachukua gunzi la mahindi lililokauka nikamsugua nalo kila asubuhi kwa kufuata manyoya yanavyolala, nikaona linatoa kidogo. Halafu nikaokota tyubu ya baiskeli iliyopasuka, nikaikata kipande, nikakifunga kwenye kiganja kama glavu. Mpira una maajabu. Ukimpitishia mbwa mpira uliolowa kidogo, yale manyoya yaliyokufa yanajikusanya yenyewe kama uzi, na yaliyo hai yanabaki. Na ukiusugua kwenye zulia au kwenye mahameli, yanajikunja madonge madonge unayaokota kwa vidole.

Mambo mengine nilifundishwa na Mama Chebet, mama wa Kipsigis anayefanya kazi nyumba ya pili. Ndiye aliyeniambia nisifagie sakafu kavu, ninyunyize maji kwanza, na gunia lililolowa lipite kabla ya ufagio. Ndiye aliyeniambia niwaombe wauza nyama mafuta ya kutupa, nimchanganyie kwenye posho, kwa sababu ngozi kavu ndiyo inayomwaga zaidi. Nilimwosha kwa sabuni ya kipande kila baada ya wiki tatu, si zaidi, na kumsuuza mpaka maji yatoke safi. Viti nikavifunika shuka kuukuu, na shuka nazikung'uta kila asubuhi kwenye ua, upande ambao upepo unaelekea mbali na nyumba. Ndege walikuja kuokota manyoya kwenye seng'enge wakajengee viota.

Mwezi wa pili Mama Kuldip akapitisha kiganja, akakigeuza, akakuta manyoya matatu. Akayahesabu mbele yangu akatabasamu. Mwezi wa tatu hakukuta hata moja. Alimwambia Memsabu kwamba amekaa na watumishi wengi lakini hajaona kama huyu. Memsabu akanipa koti la bwana yake, lile la kahawia, na nililivaa kwenda kanisani Jumapili hiyo. Nakuambia haya ili ujue nilijivunia. Nilijivunia sana.

Lakini fikiria mwenyewe. Manyoya ya mbwa mkubwa namna hiyo hayapotei. Yalikuwa yakitoka kwenye viti vya Kalasinga yakipita mikononi na puani mwangu. Macho ndiyo yaliyoanza, yakawa mekundu na kuwasha. Halafu mafua yasiyokwisha. Halafu kifua. Kilianza kupiga filimbi nikiinama, na kila nikimaliza kumpiga Ranja brashi ilinibidi nishike ukuta, ningoje pumzi irudi. Nikajifunga kitambaa puani. Memsabu aliponiuliza nilimwambia ni vumbi la ziwa. Watu wengi hapa wanalalamika vumbi la ziwa, kwa hivyo hakuuliza tena.

Wiki moja baada ya Pasaka nilianguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa nakung'uta shuka uani. Nikavuta pumzi na haikuja. Nikavuta tena. Sijui kama umewahi kuona samaki aliyetupwa chini. Ranja alikuja akanilalia ubavuni akinilamba uso, na nilitaka kumsukuma, mkono haukuwa na nguvu. Mama Chebet aliniona kupitia seng'enge. Memsabu alikuwa posta. Yule mama alinishika kwapani akanitembeza mpaka hospitalini, tukiketi kila mita chache, na ni siku hiyo Nzioka alipita akaniona kando ya barabara.

Daktari alikuwa kijana, Mwafrika kama sisi. Alinidunga sindano, na baada ya muda kifua kikafunguka. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naangalia mbwa.

"Basi mzee, achana na mbwa," akasema. "Hii ni pumu, na imeshaingia ndani. Ukiendelea hivi, siku moja itakuja ukiwa huna mtu wa kukuleta hapa."

Aliandika karatasi nimpelekee tajiri wangu. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Nilikuwa namwona Memsabu akisoma gazeti na Ranja miguuni pake, nafikiri, sasa nitampa. Halafu nafikiri juu ya arap Koech na sanduku lake la mbao getini, na juu ya Mwende na darasa la saba. Mtu wa mbwa asiyeweza mbwa ni mtu wa nini? Siku ya tatu niliitia ile karatasi jikoni pamoja na makaa. Nikamwambia Mama Chebet asiseme. Alisema, "Musyoka, wewe ni mtu mzima," akaendelea kuanika nguo zake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Wiki hiyo hiyo alikuja mzungu mmoja wa Njoro, rafiki wa zamani wa bwana, mwenye ng'ombe wa maziwa. Mimi ndiye niliyewaletea chai. Kiingereza changu si kingi lakini cha kutosha kusikia. Alimwambia Memsabu kwamba Ranja anateseka hapa mjini, kwamba ana uwanja mkubwa na kuna baridi, na angemchukua siku hiyo hiyo kwenye gari lake. Memsabu alimtazama Ranja kama mtu anayepima. Halafu akanionyesha kwa mkono akasema, "Lakini hapa ana Musyoka." Yule mzungu akanigeukia. Na mimi, Mama Mwende, nikiwa na filimbi kifuani na ile sindano bado inauma mkononi, nilitabasamu. Nilifikiri, mbwa akienda, naenda nami. Nikamimina chai, nikarudi jikoni, na gari likaondoka bila mbwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu. Kila nilipoketi kukuandikia nilikuwa na uongo mmoja wa kuandika, nikashindwa kuuandika.

Miezi ikapita hivyo. Nilikwenda hospitalini mara mbili tena kwa siri, siku za mapumziko. Nyumba ikawa safi, Mama Kuldip akawa anakuja anakunywa chai tu na hata kiganja hapitishi. Halafu wiki tano zilizopita Memsabu akapata barua kutoka kwa dada yake Ulaya. Alifunga mlango wa chumba chake siku nzima. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alikuja jikoni, akaketi kwenye kile kigoda changu, jambo ambalo hajawahi kufanya. Aliniambia ameshindwa. Hana kitu tena cha kuuza. Dada yake amemtumia tikiti ya meli, na ataondoka Mombasa mwisho wa mwezi. Ranja hawezi kwenda, kwa sababu kule mbwa wageni hufungiwa miezi mingi kwa gharama ya mwenye mbwa, na kwa umri wake angefia kwenye kizimba.

Halafu akasema kwa kile Kiswahili chake cha shamba, "Musyoka, wewe chukua yeye. Peleka kwako Kitui. Yeye napenda wewe kuliko mimi."

Alilisema hili kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Alikuwa ameshalipanga kichwani. Nilisimama na sufuria mkononi. Nilifikiri kusema ndiyo, nimchukue, nimwachilie njiani. Nilifikiri kusema mke wangu hapendi mbwa, nikuweke wewe mbele yangu kama ngao. Lakini nilikuwa nimechoka. Niliweka sufuria chini nikamwambia yote, pumu, hospitali, karatasi niliyoichoma, na siku gani niliichoma.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa mweupe zaidi.

"Kwa nini wewe hapana ambia mimi?"

"Ningekuambia, ungenifukuza, Memsabu."

Nilitegemea akane. Badala yake akasema, "Kweli. Mimi ngefukuza wewe." Halafu akaongeza, "Na Ranja ngekuwa Njoro."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisimama akaenda kwenye simu akampigia yule mzungu wa Njoro, na nikasikia anavyoongea mpaka sauti ikaisha. Yule mtu alishapata mbwa wawili wachanga na hakutaka wa tatu, mzee, mwenye nyonga mbovu.

Nilimtafutia Ranja pa kukaa kama vile mtu anavyomtafutia mtoto shule. Nilikwenda kwa Mama Kuldip. Alisikitika, akanipa chai na chapati, lakini mjukuu wake mdogo anaogopa mbwa, na bwana ana mlinzi kule kwenye mbao. Nilikwenda mtaa wa Free Area kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa ameibiwa. Alikuja kumwona, akamtazama meno na jinsi anavyoinuka, akaniuliza mbwa huyu atamkimbiza mwizi gani. Nzioka aliniambia kule kwenye nyumba za reli hawaruhusu. Nilimwomba hata Mama Chebet, na alifikiria kweli, akasema kwao kijijini mbwa hali nyama, anakula anachopata, na huyu angekufa njaa akimngoja Musyoka. Siku zikawa zinaisha. Kila asubuhi niliendelea kumpiga brashi, kwa sababu yeye hakujua kitu na saa yake ikifika alikuja kusimama mlangoni.

Memsabu akapatana na daktari wa wanyama kwa siku ya Alhamisi. Aliniomba niende naye, na nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ranja hakuwa anakubali kushikwa na mtu mwingine. Tulifika pale kwa teksi, Memsabu akainama, akaweka uso wake kwenye shingo ya mbwa kwa muda mrefu, halafu akarudi garini akafunga kioo. Alibaki na manyoya kote kwenye gauni lake jeusi, wala hakuyapangusa.

Mimi nilimwinua nikamweka mezani. Alikuwa anatetemeka. Nilikuwa nimejifunga kitambaa puani, nikaona ananitazama kama hanijui, nikakifungua nikakitia mfukoni. Nikamshika kichwa kifuani pangu nikamwambia yale maneno ya kila siku, tulia mzee, tulia, tumalize tukale. Yule daktari mzungu alimpapasa mguu akitafuta mshipa. Aliniambia kwa Kiswahili safi, "Mbwa huyu ametunzwa vizuri. Kwa umri huu sijaona manyoya kama haya." Halafu akamdunga. Nilihisi uzito wake ukija kwangu wote kwa mara moja. Aliacha kutetemeka kabla mimi sijaacha.

Kifua changu kilibana hapo hapo, na yule daktari wa wanyama ndiye aliyenitoa nje na kuniketisha kwenye ngazi. Memsabu alikuwa ananiona kupitia kioo cha gari. Hakushuka, na simlaumu.

Ameondoka Jumatatu iliyopita. Aliniachia sufuria mbili, blanketi, na barua ya kunisifu kwa mwajiri mwingine. Ni barua nzuri. Inasema mimi ni mwaminifu, na kwamba najua mbwa kuliko mtu yeyote aliyekutana naye nchi hii. Nimezunguka nayo Milimani kote. Anayesoma kuhusu uaminifu anasema asante, hana nafasi. Juzi nilimpata mmoja aliyefurahi. Ni mtu wa serikali, Mwafrika, amenunua nyumba kubwa upande wa juu, na ana mbwa wanne wa aina ile ile ya Ranja. Alinionyesha chumba changu, cha mawe, chenye dirisha na taa ya umeme. Alinionyesha mbwa. Walikuja mbio mpaka kwenye waya wakininusa mikono, na upepo ulipopita niliona manyoya yakielea juani.

Akaniuliza, "Unaweza kuanza kesho?"

Nilikuona wewe, na Mwende, na shamba lenye mbaazi peke yake. Mdomo wangu ulikuwa unataka kusema ndiyo. Nikamwambia, "Bwana, kazi naijua, lakini nina pumu, na inaletwa na mbwa. Nikichukua kazi yako nitakuwa nakudanganya." Alinishukuru. Alisema watu wa kusema ukweli ni wachache, akanirudishia barua yangu, na geti likafungwa.

Kwa hivyo nakuja nyumbani, Mama Mwende. Nitapanda basi wiki ijayo baada ya kuchukua dawa hospitalini. Siji na kitu zaidi ya nilichokutajia, na koti moja. Karo ya Mwende ya muhula ujao sijui itatoka wapi, na sitaki uamke kila siku ukidhani kwamba ninayo. Utakuta nimepungua. Daktari amesema kifua kikishaumia hivi hakirudi kama kilivyokuwa. Jembe nitashika asubuhi kabla ya jua, halafu nitahitaji kuketi, na majirani watasema Musyoka amerudi kutoka Nakuru mvivu. Waache waseme. Mimi nilitaka tu uyasikie haya kutoka kwangu kabla hujaniona nikishuka, uwe na siku chache za kunikasirikia kabla sijafika.

Msalimie mama, mwambie mwanawe anakuja, na hilo linatosha kwa sasa. Msalimie kaka yako Mutua wa mizinga, na shangazi anayetufugia yule mbuzi wa mahari. Mpe mkono mwalimu wako wa ngumbaru na umwambie nimeisoma kazi yake. Mwende mwambie baba yake anamkumbuka kila anapoona mtoto mwenye sare ya shule. Haya mengine nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, tukiwa tumeketi.

Ukiona ni vigumu kunipokea hivi, niandikie kupitia kwa Nzioka. Barua itanifikia kabla ya Ijumaa. Ukiwa kimya, nitajua nije.

Mimi mumeo,
Musyoka, baba yake Mwende